Rada ya Njia ya Hatta

Mercy, ambaye sasa ndiye anayekalia kiti changu, alinipigia simu wiki iliyopita kuuliza ufunguo wa droo ya chini uko wapi. Nikamwambia droo ile haijapata kuwa na ufunguo. Hufungwa kwa goti na hufunguliwa kwa kofi la ubavuni. Akacheka, kisha akasema, "Sasa Mama Zuwena, hayo mengine yote yako kwa kichwa yako si utuandikie? Sisi huku tunajua kompyuta tu." Nikamjibu nitaandika. Tangu nistaafu nimeshapanga makabati yote ya nyumba, na mume wangu ameniomba kwa adabu nisiguse la kwake. Kwa hiyo nafasi ninayo.

Haya basi ni ya nyinyi wa dawati la faini. Asiyelijua dawati hilo nimweleze kidogo. Kampuni yetu hukodisha magari pale Al Barsha, Dubai, nyuma ya jengo kubwa la maduka, na wateja wengi ni watalii kutoka Ulaya. Mtalii huchukua gari, huona barabara pana iliyonyooka, hukanyaga mafuta, rada ikampiga picha, naye baada ya siku chache akapanda ndege akarudi kwao. Faini huja yeye ameshaondoka. Huja kwa jina la mwenye gari, yaani sisi. Kazi yangu ilikuwa kuichukua faini hiyo na kuifikisha kwa mtenda kosa, awe Lisbon awe Copenhagen, bila ya askari wala hakimu, kwa simu na ulimi tu.

Mimi ni mtoto wa Unguja niliyelelewa hapa. Wazazi walinileta nikiwa mdogo, nikasoma hapa, nikaolewa hapa, nikazaa hapa. Dawati lile niliingia mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, baada ya muda mrefu wa kupokea simu katika kampuni ya mizigo. Waliponiajiri waliniambia sharti ni kuwa na subira na sauti nzuri. Subira nilikuwa nayo.

Aliyenifundisha kazi ni Mr. Varghese, mzee wa Kerala aliyekuwa karibu kustaafu, mwembamba, kalamu mbili mfukoni siku zote, moja haiandiki. Ukutani juu ya meza yake alitundika saa mbili, moja ya Dubai, moja ya Ulaya. Ile ya Ulaya aliigeuza mwenyewe mara mbili kwa mwaka, akipanda juu ya kiti huku akinung'unika, kwa sababu watu wa kule hurudisha saa nyuma wakati wa baridi na kuisogeza mbele wakati wa joto, na sisi huku jua letu halina haja na mambo hayo. "Madam," aliniambia siku ya kwanza, "ukimpigia mtu wakati anakula, umeshakosa."

Simu yangu ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja wa Austria. Nilimpigia kwa mazoea yetu. Nikamsalimu, nikamuuliza habari za nyumbani, habari za safari, habari za baridi. Yule mzee alifurahi mno. Alinieleza goti lake, akanieleza wajukuu, akanieleza mbwa wa jirani anavyobweka, kisha akanishukuru kwa kumkumbuka na akakata simu. Mr. Varghese alivua miwani akaifuta polepole. "Vizuri sana, madam," akasema. "Sasa mpigie tena, na safari hii ukumbuke tumempigia kwa nini."

Lakini hakunikataza kusalimu. Alichonifundisha ni kuunganisha. Msipoanza na salamu, yule wa upande wa pili atawadhania matapeli, maana mtu wa mbali anayepiga simu na kutaja pesa kwa sentensi ya kwanza huwa ni tapeli hata kwetu. Msitaje polisi mapema. Taja rangi ya gari, taja mahali alipolirudisha, kisha taja kitu alichosahau ndani. Hapo ndipo ilipo kazi ya ile droo ya chini, Mercy. Watalii husahau vitu: kofia ya mtoto, chaja, kiatu kimoja, ramani, chupa ya mafuta ya jua iliyovuja. Madereva wetu waliviokota, nami niliviweka droo ile na kibandiko cha namba ya gari. Nikisema, "Bwana, umesahau kofia ya mtoto, ile yenye masikio ya sungura," mtu huwa wangu. Faini huifuata kofia taratibu kwa nyuma.

Kila mmoja alikuwa na namna yake. Bwana mmoja wa Ujerumani alitaka picha, kisha cheti cha rada, kisha jina la aliyeipima rada; nikampelekea nilichoweza, akalipa siku ile ile bila ya neno jingine. Mama mmoja wa Uingereza aliniomba radhi kwa upole mpaka nikamwonea huruma, na hakulipa mpaka leo. Mbelgiji mmoja alinieleza kuwa wao kwa wao wana mapatano: ukikimbiza gari nchi ya jirani, barua hukufuata mpaka mlangoni kwako, kwa lugha yako, huna pa kwenda. "Lakini nyinyi mko mbali," akaniambia, kama anayenipa pole. Nikamwambia kweli tuko mbali, ila simu yangu imemfikia. Akacheka akalipa. Juu ya meza yangu nilibandika karatasi, "Dawa ya deni kulipa," na wageni waliodhani ni aya niliwaacha wadhani.

Pesa, hata hivyo, hazikuwa shida kubwa. Zile alama nyeusi ndizo zilizokuwa shida. Kosa dogo ni faini tu, ukilipa yamekwisha. Kosa kubwa la mwendo huja na alama, na alama hazilipwi, hubandikwa kwenye leseni ya mtu. Kwa hiyo wenye mamlaka hawakuuliza tu nani analipa, waliuliza nani alishika usukani. Tulipewa muda wa kumtaja. Tusipomtaja, anatajwa yule ambaye karatasi zinasema gari lilikuwa mikononi mwake.

Hapo sasa ndipo anapoingia Wafula.

Wafula alikuwa dereva wetu wa kupeleka na kurudisha magari. Mtu wa Bungoma, mrefu, mpole, anakaa mtaa wa Karama chumba kimoja na wenzake kadhaa, na kila Ijumaa anaimba kwaya, maana Ijumaa ndiyo Jumapili ya Wakristo wa hapa. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari. Miaka akisimama, jua la kiangazi juu na lami ya moto chini, mpaka mishipa ya miguu ikamtoka. Leseni aliipata kwa taabu, mtihani wa barabarani ulimwangusha mara nyingi hata akazoeana na mtahini. Alipoipata aliitia kwenye mfuko wa plastiki, na mfuko akautia kwenye mfuko mwingine. Ukitaka kuiona ilibidi usubiri.

Majira ya baridi, katikati ya miaka ile, walikuja mume na mke kutoka Uholanzi, Bwana Pieter na Bi Lotte, watu wazima wa umri wangu wa sasa. Mkataba ulikuwa kwa jina la mke. Mume alikuwa na macho mabovu, hakuwa na leseni tena. Anamwona mtu kama kivuli. Walizunguka na gari letu siku zao zote, kisha wakapanga kuliacha Hatta, kule milimani, kwenye hoteli ndogo ambako rafiki zao wangewachukua. Wafula akatumwa kulifuata.

Siku ilikuwa Ijumaa. Wafula alifika asubuhi kwa lifti ya gari la mboga. Gari halikuwapo bado, wenyewe walikwenda kuliona bwawa. Mapokezi alikuwapo dada mmoja wa Uganda, zamu yake inakwisha adhuhuri, na watu wa kanisani kwao walikuwa wamempitia na gari, wanamngoja nje wamewasha injini. Akamwambia Wafula, "Kaka, nitilie sahihi sasa hivi kwamba umepokea gari, niondoke. Mwenzangu wa zamu ni mgeni, atanichanganyia." Na Wafula, mwanakwaya, angewezaje kumchelewesha mtu ibada? Akatia sahihi. Kwa karatasi, tangu adhuhuri gari lile lilikuwa lake.

Wenyewe walirudi na gari alasiri. Rada ya njia ya Hatta, upande wa kuja Dubai, ililipiga picha gari lile kati ya adhuhuri na kurudi kwao, likienda mwendo ambao sitautaja wasije vijana wakautamani.

Faini ilichelewa kuja, kama zinavyochelewa nyingine. Kamera za hoteli zilikuwa zimeshajifuta. Dada wa mapokezi alikuwa kanisani saa ile, hakuona lolote. Picha ya rada ilitazamwa kwa lenzi ya Mr. Varghese, aliyoniachia alipostaafu: kioo cha nyuma, na jua ndani ya kioo, basi. Meneja wetu akaiweka karatasi ya hoteli mbele yangu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa karatasi. "Bi Zuwena, imeandikwa Wafula. Gari linakuja Dubai, na Wafula ndiye aliyekuwa analileta Dubai. Nimwandike nani mwingine?"

Alama za kosa lile zingemwondolea Wafula leseni. Kampuni haikai na dereva asiye na leseni, na viza yake ilikuwa ya kampuni. Nilimwita nikamweleza. Akatoa ule mfuko, akatoa mfuko wa ndani, akaiweka leseni mezani kana kwamba nimeidai.

"Mama, si mimi," akasema. "Hiyo saa nilikuwa nimekaa hapo nje nakunywa chai. Mungu ananiona."

"Najua si wewe. Irudishe mfukoni."

"Mimi siwezi kusimama tena, Mama. Hii miguu imekataa. Bora wanirudishe nyumbani tu, khalas."

Nilikwenda kwa meneja nikamwomba muda. Akanipa mpaka Alhamisi ya wiki ijayo, mwisho wa wiki yetu ya kazi.

Basi nikafungua droo. Gari lile lilikuwa limeacha miwani ya jua ya kike, mkono mmoja umefungwa uzi mwekundu palipovunjika. Nikapiga simu Uholanzi kwa mwendo wangu ule ule. Aliyepokea ni mume. Nikamsalimu, nikamuuliza kama baridi imewazidi, kisha nikamwambia kwa uchangamfu, "Tunayo miwani ya Bi Lotte, ile ya uzi mwekundu. Yupo nizungumze naye?"

Nikasikia akivuta kiti. Kisha akasema, "Uzi huo niliufunga mimi. Lotte amefariki. Tulimzika mwezi uliopita."

Nilisema pole. Nilisema Mungu ampe subira. Nilimuuliza kama yuko peke yake, akasema mpwa wake huja. Nikamwambia basi pumzika, Bwana Pieter, nikaiweka simu.

Meneja, aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza, hakuamini. "Umekata? Hukumuuliza?"

"Sir, mtu amefiwa."

"Wafula naye atafiwa na kazi."

Alisema kweli, na lilinichoma. Lakini sikuweza. Nimelelewa hivyo. Ukibisha hodi kwa shughuli zako ukakuta msiba, unaingia unakaa jamvini, unatoa mkono wa pole, unaondoka na shughuli zako ulivyokuja nazo. Mtu hatamki "unajua, kulikuwa na faini" juu ya kaburi bichi. Huko Ulaya labda hutamkwa. Mimi ulimi uligoma, na hata leo ningekata simu ile ile vile vile.

Nilirudi nyumbani na kichwa kizito. Siku zile nilikuwa nikimfikiria sana baba yangu, aliyekuwa amefariki kabla ya hapo. Nilimkumbuka kaka yangu mkubwa, baada ya maziko, alivyosimama mbele ya watu akasema yanayosemwa kila tunapozika: marehemu alikuwa mtu kama watu, amekaa nanyi, amekosana na kupatana, aliyemkosea amsamehe, na mwenye kumdai asione haya, atuone sisi warithi. Kwa kawaida watu huitikia tumemsamehe, mambo yakaisha. Siku ile akajitokeza mzee mmoja, jirani wa zamani, akasema marehemu alikuwa na msumeno wake. Watu walijizuia wasicheke. Kaka akajibu, "Msumeno wako utaupata," akaenda kuutafuta stoo, akaupata umeota kutu, akaupeleka. Mama alilia kwa furaha kuliko alivyolia kwa huzuni. Alisema sasa baba yenu hana kinachomshika.

Nikiwa jikoni nakumbuka msumeno ule, nikaona nimekosea kitu kimoja. Si kukata simu. Nilikosea kudhani kuwa jambo la Bi Lotte halisemeki kwa mume wake. Linasemeka, ila si kama faini.

Jumapili, siku yetu ya kwanza ya kazi na kwao siku ya mapumziko, niliitazama saa ya Ulaya, nikangoja wawe wameshakunywa chai, nikampigia.

"Bwana Pieter, ni Zuwena wa Dubai."

"Uliondoka haraka siku ile," akasema. "Nilidhani umekosa la kusema."

"Nilikuwa nalo. Halikuwa na mahali."

Nikamweleza yote, taratibu: rada, picha, sahihi ya adhuhuri, dada wa kanisani, Wafula na miguu yake. Alisikiliza bila ya kunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Nitalipa. Nitumie hesabu, yoyote ile."

"Ahsante. Lakini pesa hazimtoi Wafula. Wanataka jina la aliyeendesha, na ushahidi wa aliyekuwa naye. Ni wewe tu."

 Nilisikia saa ya ukutani kwake.

"Lotte hakuwahi kushitakiwa kitu maisha yake," akasema. "Alifundisha watoto shule miaka yote. Hata kitabu cha maktaba hakukichelewesha. Na wewe unataka jambo la mwisho kuandikwa juu yake duniani liwe kosa la polisi, kwenye nchi aliyokwenda kupumzika. Hapana. Pesa chukua. Jina lake siliandiki."

Ningeweza kumwambia Wafula ana watoto. Ana watoto kweli. Lakini nilimsikia yule mtu anavyopumua, nikaona kumtwisha watoto wa mtu mwingine juu ya mke wake si haki. Nikamwambia, "Naomba nikueleze kitu cha kwetu, kisha uamue, na sitakupigia tena kwa hili." Nikamsimulia maziko ya baba. Nikamweleza jinsi mrithi anavyosimama mbele ya watu akaita wenye madai. Nikamweleza msumeno.

"Aliurudisha kweli?" akauliza.

"Aliurudisha. Na kutu yake."

Akacheka kidogo, cheko la mtu ambaye hakucheka kwa muda. Kisha akauliza, "Na baba yako hakuaibika? Kutajwa msumeno mbele ya watu wote?"

"Hapana, Bwana Pieter. Wanaompenda ndio husimama. Wasiompenda huondoka na koleo, kaburi likishafukiwa tu. Tunasema pale ili asibaki mtu nyuma anayeumia kwa sababu yake, naye akalala."

Saa ya kwake ikaendelea kugonga. Nilijizuia kusema. Mr. Varghese alinifundisha kuwa kimya cha mteja si cha kujazwa.

"Huyo Wafula," akasema hatimaye, "ndiye aliyenishika mkono kwenye ngazi za hoteli? Aliyekuwa ananiambia kila ngazi kabla sijaifika?"

"Ndiye."

"Lotte alisema ana mikono ya mtu aliyelea." Akavuta pumzi. "Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Akasema maneno, nami nikaandika, na baadaye mpwa wake akayaandika huko kwa sahihi yake na kunitumia kwa barua pepe, ila mimi nayakumbuka kwa sauti. Alisema siku ile gari liliendeshwa na mke wake, Lotte, na yeye alikuwa amekaa kando yake. Walikuwa wamefika Hatta, lakini Lotte akaomba waendeshe tena kidogo kabla ya kutoa ufunguo, wakashuka na njia ya Dubai kisha wakageuza. Dereva wa kampuni alikuwa akiwangoja hotelini. Lotte alijua anaumwa na alijua hataendesha tena. Barabara ilikuwa tupu. Mwisho akasema, "Nilimwambia apunguze mwendo, akacheka."

"Hiyo ya mwisho si lazima, Bwana Pieter," nikamwambia.

"Hiyo ndiyo lazima," akasema.

Nilikuwa na machozi, na sikuyaficha. Meneja alipita, akaniona, akarudi alikotoka.

Karatasi ilipofika niliipeleka Karama kwa mtu wa tafsiri za kisheria, maana kaunta ya trafiki hutaka Kiarabu. Yeye ni Msudani, mtu wa haraka, hutafsiri huku anakula. Alipofika mwisho akaacha kutafuna. "Hii ya kucheka niitoe, ukhti? Haina maana ya kisheria."

"Iache," nikasema.

Akaiacha, na naona aliitafutia neno zuri, maana alifuta mara mbili.

Jumatano nilikwenda kaunta na Wafula, amevaa shati la kwaya. Afisa alikuwa mtu wa makamo, mchovu, foleni imemjaa. Alisoma karatasi kwa kidole, juu mpaka chini. Alipofika chini kidole kikasimama. Akasema kwa sauti ndogo, "Allah yarhamha," yaani Mungu amrehemu, kisha akamtazama Wafula juu mpaka chini.

"Wewe ndiye uliyetia sahihi kabla hujaona gari?"

"Ndiyo, sir."

"Kwa nini?"

"Dada alikuwa anachelewa kanisa, sir."

Afisa akanitazama mimi nimfasirie, nikamfasiria. Akatikisa kichwa kama baba aliyekata tamaa na mtoto wake, akagonga mhuri. "Aliyekufa hatumbandiki alama," akasema. "Na wewe, siku nyingine uone gari kwanza. Yalla."

Tukatoka nje. Hapo Wafula akatoa mfuko wake, akatoa mfuko wa ndani, akaitazama leseni, akavirudisha vyote kimoja ndani ya kingine. Kisha akakaa ukingoni mwa njia akalia kama mtoto, nami nikasimama kando yake kumkinga jua na mkoba wangu.

Nilimpigia Bwana Pieter kumwambia yamekwisha. Faini alikuwa ameshalipa. Akaomba miwani, nikamwambia nimeshaifunga. Kisha akaomba na picha ya rada. Nilimwonya mapema kuwa haionyeshi mtu, ni mgongo wa gari na jua kwenye kioo tu.

"Hata ingemwonyesha nisingemwona," akasema. "Mimi najua nani yumo."

Nikaitia kwenye bahasha moja na miwani. Katika miaka yangu yote pale, ndiyo picha pekee ya rada iliyoombwa na mtu kwa hiari yake.

Baada ya hapo kazi iliendelea kama kazi. Kompyuta zilibadilishwa, faini zikawa zinaingia zenyewe kwenye simu ya mteja kabla hajashuka garini, na saa ya Ulaya ikasimama siku moja. Niligundua mwenyewe siko tayari kuitupa. Wafula yupo bado. Sahihi yake sasa haipatikani kwa urahisi. Gari hulizunguka, hulifungua, hulinusa, ndipo anatoa kalamu. Mkimwona hivyo msimcheke.

Wiki yangu ya mwisho kulikuwa na gari la kuchukuliwa Hatta, nikamwambia Wafula nitakwenda naye, maana kwa miaka yote nimeijua njia ile kwa picha za rada tu. Tulilichukua gari, tukashuka na milima, njia pana na tupu. Karibu na mahali fulani Wafula akapunguza mwendo, wakati tayari tulikuwa tunakwenda pole. Akainua mkono kutoka kwenye usukani, akauelekeza kwenye ile rada iliyompiga picha Bi Lotte, kando ya barabara.

"Shikamoo, mama," akaiambia.

Nikamuuliza kama huwa anafanya hivyo kila siku.

"Kila nikipita," akasema. "Wageni hudhani nasalimia polisi."

Nyuma yetu gari likapiga honi, likawasha taa, likapiga tena. Wafula hakuongeza mwendo. Na mimi, mtu mzima niliyekuwa naenda kustaafu, nikainua mkono wangu kwenye kioo.